Safu ya Bi Zamzamu

Tangu ipitishwe sheria kwamba maoni ya mwandishi wa safu yatumike kwanza nyumbani kwake, Bi Zamzamu alishika kalamu kwa adabu. Alipoandika gazetini kwamba watu wanazidisha sukari, kesho yake kabati la sukari liligoma kufunguka. Alipoandika kwamba wanaume wapike, jiko likakataa kuwaka mpaka liguswe na mumewe, Hemedi, ambaye sasa maharage yake ya nazi yanasifiwa mtaa mzima.

Basi akawa anasifia usingizi wa mchana, na wasomaji wakampenda kweli kweli.

Juma hili alikosa mada, akaandika haraka haraka kwamba wanandoa wasifichane kitu.

Hemedi alilisoma gazeti jikoni, mwiko mkononi. "Mama Rukia, umetuponza!"

Mlango wa mbele ukajifunga wenyewe, kama kawaida ya nyumba ikisubiri kutiiwa.

Bi Zamzamu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwani una nini cha kuficha, bwana wee? Haya, anza!"

"Aliyeandika ndiye aanze," alisema Hemedi.

Kicheko kikakatika. Maharage yakaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka.