Atajwe kwa Tendo Lake

Awadh alipokwisha kuvua viatu, Nasriya alifunga mlango wa mbele, akautia ufunguo kifuani.

"Bi Nasriya, leo tumefungwa?" Awadh alicheka.

"Leo hatoki mtu kabla ya amin ya mwisho."

"Mie siendi popote. Nimeshanusa biriani."

"Biriani baadaye. Kwanza kisomo."

"Cha shukrani, bila shaka. Sinan karudi kwa ndugu zake."

"Cha kushtaki," alisema Nasriya, akamwonyesha pa kukaa: mbele kabisa, chini ya taa, karibu na chetezo cha ubani.

Sinan, kaka yake Nasriya, alikuwa amefika Maskati jana kutoka Uingereza. Hakulala usiku wote. Wanasema hajalala vizuri tangu ujana. Medali yake ilikuwa juu ya meza ndogo, ndani ya kisanduku chake.

Yeye na Awadh walizaliwa Unguja, wakakulia Uingereza, wakaingia pamoja katika jeshi la wanamaji la huko. Wakati ule jeshi lilipiga marufuku wanaume wanaopenda wanaume. Siku moja polisi wa jeshi walipekua chumba cha marafiki hao wawili, wakaokota picha: baharia wa Kizungu anacheka, amemkumbatia mwenzake aliyeipa kamera mgongo. Kisogoni mwa huyo mwenzake palikuwa na alama ya moto, duara dogo kama sarafu.

Jina la Sinan likawafikia polisi; akafungwa, kisha akafukuzwa. Awadh, aliyekuwa ameshaoa, akapanda cheo, akahamia Maskati, akafanikiwa. Mama wa Sinan na Nasriya alikufa Sinan akiwa gerezani, na Sinan hakumzika.

Marufuku ile iliondolewa baadaye. Siku hizi watu kama hao wanatumika jeshini bila kujificha, na serikali imeomba radhi. Imerudisha medali, na pamoja nayo ile picha.

Nasriya alipoiona picha hakumhukumu kaka yake. Hilo alikwisha kumwachia Mungu. Alimtaka mtu mmoja tu: aliyewapa polisi jina la Sinan.

Ndiyo maana alikwenda mtaa wa Matrah kumwomba Sheikh Thabit aje nyumbani kwake Ansab kusoma Halbadiri, dua ambayo laana yake humtafuta dhalimu hata akijificha chini ya bahari.

"Unamjua kwa yakini?" sheikh alimwuliza.

"Moyo wangu unamjua."

"Moyo si shahidi, binti yangu. Basi tusimtaje kwa jina. Tutamtaja kwa tendo lake, na dua itamtafuta yenyewe."

Nasriya alikubali. Dua ilijua njia. Yeye alitaka kukaa nyuma tu na kuangalia ikifika.

Jikoni, kabla wageni hawajaketi, Sinan alimshika mkono.

"Wape chakula, Nasriya, waende zao. Hujui unalolisomesha."

"Nnalijua. Miaka yote unamficha. Mimi si mwema kama wewe."

"Medali nimerudishiwa. Yamekwisha."

"Medali wamerudisha. Mama atarudishwa na nani?"

Goti la Sinan lilikuwa bovu, hakuweza kukaa chini. Akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na wanawake, na Nasriya akakaa kwenye mkeka kando yake, nyuma kidogo.

Ubani ukapanda. Sheikh Thabit alisoma kwa Kiarabu, kisha akaomba kwa Kiswahili, kama Nasriya alivyomwagiza, ili anayehusika asikose neno.

"Ewe Mola, aliyelipeleka jina la Sinan kwa wakubwa wake, mnyime usingizi."

"Amin."

"Mnyime mtoto wa kumwita baba."

"Amin."

Nasriya aliitikia kwa sauti kuliko wote. Macho yake yalikuwa kwa Awadh tu. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, lakini Awadh alikuwa anatoka jasho. Alijifuta kwa leso, akajifuta tena. Kila amin yake ilichelewa. Nasriya alihisi utamu mdomoni, kama aliyefungua saumu kwa tende.

Lowa, alisema moyoni. Bado.

"Mnyime kuwazika wazazi wake."

"Amin."

Hapo Awadh hakuitikia. Alivua kilemba chake, akakiweka mapajani, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Taa ikammulika kisogo, na katikati ya mvi zake palikuwa na alama ya moto, duara dogo kama sarafu.

Nasriya akainua macho kwenye kiti kilichokuwa kando yake. Sinan alikuwa amekatwa nywele asubuhi ile. Kisogo chake kilikuwa laini kama cha mtoto. Hakikuwa na kitu.

Sheikh Thabit alikuwa anakunywa maji kabla ya dua ya mwisho.

"Kaka," Nasriya alinong'ona. "Si wewe wa pichani."

Sinan hakugeuka. Alikuwa amenyanyua mikono kama wengine.

"Basi nani aliyewapa jina lako?"

"Na umuti wake uwe ugenini," sheikh alianza.

"Mkewe Awadh alikuwa mjamzito," Sinan alisema polepole. "Polisi waliuliza wa pichani ni nani. Nikasema mimi."

"Na asiwepo ndugu yake wa kumfumba macho," alimaliza Sheikh Thabit, na chumba kizima kikaitikia amin.