Tundu la Nguchiro

Nungunungu alikuwa na shimo kando ya mto, akilipangisha kwa wanyama waliokuja kupumzika. Alipenda mapambo: alilitandika majani laini na kupachika kokoto nyeupe ukutani.

Msimu mmoja akafika Nguchiro na wanawe. Alikagua chumba, kisha akauliza, "Mwenyeji wangu, mto ukifurika tunatokea wapi?"

"Mlangoni. Kwani mmeingilia wapi?"

"Na maji yakiingilia hapo hapo?"

Nungunungu alicheka. "Mgeni wangu, umekuja kupumzika au kunitisha? Mto huu naujua tangu utoto."

 Mwenyeji alipoondoka, Nguchiro alianza kuchimba ukuta wa nyuma kuelekea kilimani.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha. Nungunungu alikuja kuwajulia hali, akakuta kokoto zake zimetapakaa chini na ukuta una tundu. Miiba ikamsimama kwa hasira. Akasimama katikati ya mlango.

"Umeniharibia nyumba. Hutoki humu mpaka uzibe."

Kabla hajajibiwa, maji yalimpiga mgongoni na kumsukuma ndani. Nguchiro aliwapitisha wanawe tunduni, akafuata, kisha akamwita mwenyeji, "Laza miiba, bwana, upite."

Nungunungu aliilaza, akajipenyeza kwa shida.

Walipofika kilimani wameloa chapachapa, waliutazama mto ukipita juu ya mlango. Nungunungu alikung'uta maji miibani.

"Lile tundu ni jembamba mno," alisema mwishowe. "Maji yakishuka, njoo tuchimbe la kunitosha na mimi."