Matunda ya Kutazama

Mama mwenzangu, mwanao akichora matunda, kwanza nenda ukaangalie sahani.

Binti yangu Eustadia aliipenda mno picha ya Ulaya iliyotundikwa kwa masista hapa Tabora: sahani ya matunda, na matofaa ya njano katikati. Akataka kuchora ya kwake kwa sherehe za Malkia wa Uingereza. Narudi kutoka shamba, namkuta kapanga juu ya meza ya chakula maembe, mapera na ndulele zilizoiva.

"Ndulele ni sumu, wewe. Tangu lini zinakaa na chakula?"

"Matofaa hatuna, mama. Hizi zina rangi yake. Na si za kula, ni za kutazama."

"Na mdogo wako umemwambia hivyo? Huyo anayesimama kwa kushika meza?"

Eustadia akawa anapuliza rangi ikauke. Hasira zikanipanda, nikampokonya karatasi niichane.

Ndipo nikaona. Kwenye karatasi ndulele zilikuwa tatu, kazichora vizuri mpaka mng'ao wake. Kwenye sahani zilikuwa mbili.

Chini ya meza mdogo wake alikuwa ametulia, shavu moja limejaa, anatafuna.