Tausi wa Shingoni

Kila mtungi wa maji huwekewa kichujio cha udongo ndani ya shingo, wadudu wasipite. Matundu machache, basi. Salha alitoboa chake mpaka akatokea tausi aliyetandaza mkia, ndani kabisa, asikoangalia mtu. Baba yake hakuambiwa. Mfinyanzi huyo alishaapa kumrudisha kwenye kukanyaga udongo akimkuta anachezea kazi.

Asubuhi moja Bi Raya, jirani aliyeununua mtungi huo, akaingia kibandani nao kiunoni, kafura.

"Nani kanitilia ndege humu?"

Baba akageuka. "Salha?"

"Ni mimi, baba."

"Wajukuu zangu hawanywi tena, wanachungulia tu!" Bi Raya alifoka. "Jana wamegombea zamu mpaka wakagongana vichwa. Nifinyangieni mwingine upesi, nyumba itulie. Na ndege huyo awe na vifaranga!"

Kicheko kikamponyoka Salha.

Baba hakucheka. Aliuchukua mtungi, akauelekeza mlangoni penye jua, akafumba jicho moja, akachungulia.

Bi Raya akangoja. Salha akangoja. Baba bado kaling'ang'aniza jicho kwenye mdomo wa mtungi, na mashavu yake yakaanza kupanda.