Pindo la Sare

Dawa ya saratani aliyopewa Siwema iliziba vipokezi vya ukuaji kwenye seli, uvimbe ukakosa nguvu ya kujijenga upya, mionzi ikaumaliza. Lakini dawa hiyo ilitoka mwilini kwa jasho, ndiyo maana sheria ilimkataza mgonjwa kumgusa mtoto yeyote anayekua. Mwaka mzima Siwema alimwona bintiye Rukia kwa dirisha la chumba cha uani tu.

Siku alipoambiwa amepona na dawa imemwisha mwilini, alimkumbatia Rukia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Kisha akaitisha sare ya shule na wembe. Alikuwa ameishonesha kubwa makusudi kabla ya matibabu, pindo likakunjwa mara mbili, ili lifumuliwe kadiri mtoto anavyorefuka.

"Hebu vaa nikuone."

Rukia akavaa. Pindo lilikuwa halijaguswa, na gauni liliishia palepale chini ya magoti, kama siku lilipotoka kwa fundi.

Siwema akamgeukia mama yake, Bi Mize, aliyemlea mtoto muda wote huo. "Mama, mbona hajakua?"

"Alikuwa halali kwa kukulilia, mwanangu. Wewe hukumgusa, Mungu shahidi. Nilimpa khanga zako tu, zile ulizokuwa ukizivua jioni, ajifunike apate harufu yako."

Wembe ukamponyoka Siwema mkononi.

Rukia alijizungusha mbele yake, akitabasamu kwa fahari.

"Nimeitunza, mama. Tazama, haijanibana hata kidogo."