Pipa la Mzee Sanga

Huko Makete, ukiwasha moto ndani mlango na madirisha hujifunga, havifunguki mpaka joto liishe. Ndiyo sheria, na agusaye moto wa mwenzake naye hufungiwa. Mzee Sanga alimtengenezea mkewe pipa la kuchemshia maji kwa kuni, mabomba yakizunguka chumba, akalivisha manyoya ya kondoo na udongo. Koki akaiweka nje, sakafu isilowe.

Moto ulizimika juzi. Dawa ya kifua iliisha jana.

“Baba Atu, si ulisema litapoa asubuhi?” mkewe aliuliza, akikohoa.

“Nimelitengeneza vizuri mno.”

Jirani akachungulia dirishani, akacheka. “Mmejipika wenyewe!”

“Tufungulie hiyo koki maji ya moto yatoke, ndugu yangu.”

Kicheko kikakatika. “Nikigusa moto wako, na mimi nitafungiwa. Nisamehe, mzee.”

Sanga akagusa pipa. Likamuunguza kiganja.