Jiwe la Kiti cha Mbele

Kilichoonekana cha fundi Javan kilikuwa miguu tu. Mwili wake wote ulikuwa chini ya gari. Maxwell alisimama kando, mikono mfukoni, akimpa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili na viti viwili, lililotengenezewa watu wenye haraka enzi ambazo mke wa Maxwell, Irine, alikuwa bado hajajua kutembea. Sasa lilibeba omena, dagaa wa ziwani, kwenda kuuzwa Migori. Gunia moja likiingia kwenye buti, la pili lilikataa, na dereva alishuka Migori akinuka ufuo mzima, amevaa miwani ya jua.

Tangu waya wa handbreki ukatike, gari hilo halikuweza kusimama mteremkoni bila msaada. Kuliacha kwenye gia hakukusaidia. Gia ilichomoka yenyewe. Msaada ulikuwa Irine. Kila waliposimama, Maxwell alikanyaga breki kwa heshima zote, naye Irine akashuka na mtoto mgongoni, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Rodi, Rongo, hadi Migori. Wanaume wengine huoa mke. Maxwell alipata mke na handbreki kwa mahari moja.

"Ile waya ya kwanza ilikufa na uzee," Javan alisema kutoka chini. "Lakini hii ya pili niliweka juzi juzi tu. Mkubwa, wewe unavuta handbreki kama mtu anang'oa muhogo."

"Ni hizi spea za siku hizi," Maxwell alisema. "Mkono wangu hauna shida."

Irine alishika tochi. Aliuliza waya unapita wapi, unashikwa na nini, na kwa nini ukatikie pale karibu na gurudumu. Javan, ambaye wateja wake walikuwa na swali moja tu, "umemaliza?", alimjibu yote kwa raha.

Jirani yao Phelesia alikuwa ameegemea ua. "Mama Tony, kumbe wewe ndio unamshikia tochi?"

"Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema tusiogope kuuliza vitu," Irine alisema.

"Basi uliza nani atakalia hicho kiti chako cha mbele ukibaki nyumbani."

Kiti hicho kilikuwa na historia. Kabla waya wa kwanza haujakatika, Irine aliokota chini yake kibanio cha nywele, cha rangi ya dhahabu. Yeye mwenyewe alikuwa amenyoa kichwa tangu ajifungue. Maxwell alieleza kwa upole kwamba ni cha Bhoke, mteja wa Migori, mwanamke wa biashara, aliyeomba lifti tu. Tangu jiwe lianze kusafiri, Bhoke hakuomba lifti tena. Pa kukaa hapakuwepo.

"Ijumaa utapumzika, Mama Tony," Maxwell alisema fundi alipomaliza kufunga waya mpya na kuondoka, kwa sauti ya tajiri anayemwachisha mtu kazi. "Hilo jiwe umelibeba vya kutosha. Mimi huwa nakuonea huruma."

"Asante, Baba Tony," Irine alisema. "Mungu akubariki."

Phelesia alisikia, akatema mate upande wa pili wa ua.

Ijumaa asubuhi Maxwell alioga kama mtu anayekwenda kuposa. Alijisugua hadi visigino, akaimba hadi beti zile ambazo hata kwaya huruka. Katikati ya wimbo alisikia nje sauti ya tupa ikikwaruza chuma, taratibu, bila haraka.

"Unanoa panga saa hizi?" aliuliza kupitia kidirisha cha bafu.

"Nyasi zimeota, Baba Tony."

Aliridhika. Mwanamke mwenye kufyeka nyasi hana mpango wa safari. Akajimwagia maji mengine.

Alitoka ananukia. Alimpapasa mtoto kichwani, jambo ambalo hata mtoto alilishangaa, akaingia kwenye gari na kuliteremsha hadi kwenye lango. Hapo alivuta handbreki mpya kwa ule mkono usio na shida, akashuka kufungua.

Nyuma yake kitu kikalia, tak. Gari likaanza kumfuata polepole, kama ng'ombe anayemjua mwenyewe.

Maxwell alirukia ndani, akakanyaga breki, na hapo ndipo alipoishia. Akishuka, gari linakwenda. Asiposhuka, lango limefungwa.

"Jirani, mbona umekaa?" Phelesia aliuliza kutoka kwenye ua. "Ama Migori ndio inakuja kwako?"

"Spea za siku hizi," Maxwell alisema. Alivua miwani. Kisha akaita, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya kuimba. "Mama Tony. Leta jiwe."

Irine alikuja bila kukimbia. Alikuwa amevaa viatu vya safari, mtoto amefungwa mgongoni, mfuko wa nepi begani, na jiwe limeoshwa likang'aa.

Jikoni, kwenye msumari wake, panga lilikuwa linaning'inia, butu kama lilivyokuwa Krismasi.